Chungu cha Ikombe: mwenyewe niandike nani?

SWALI: Shikamoo mama. Nafundisha historia hapa Tukuyu. Shule imetupa chumba cha kumbukumbu, nami naorodhesha vitu kwenye jedwali la kompyuta: jina la kitu, mtengenezaji, mwenyewe, tarehe. Nimekwama kwenye chungu kimoja. Kilifinyangwa Ikombe, kikanunuliwa Matema, kikapikiwa harusi ya familia moja ya hapa, na sasa wametuazima. Mwenyewe nani? Tarehe ipi? Mwenzangu anasema nitumie “ontolojia”, nami sikumwelewa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi nimezeekea masjala, na majedwali kama lako nimeyaona mengi. Linakusumbua kwa sababu umekipa chungu tarehe, wakati wenye tarehe ni ufinyanzi, ununuzi, harusi na huko kuazimwa.

Ontolojia ni makubaliano ya maandishi: katika kazi yetu tunatambua mambo ya aina hizi, nayo yanahusiana hivi. Watu wa makumbusho wanayo yao, CIDOC CRM, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa ISO 21127 mwaka 2006. Makundi yake ni mengi, kila moja na namba yake inayoanza na E, na mengine hutayagusa maisha yako yote. Shika shughuli (E7), mhusika (E39) na kitu kilichotengenezwa na binadamu (E22). Njia za mkato zipo, ila kwa kawaida mhusika na kitu hukutana ndani ya shughuli.

Kwa hiyo chungu kipe namba, vipimo, na ule ufa wa mdomoni kama upo, basi. Shughuli zipe jedwali lake. Mstari wa kwanza, utengenezaji (E12): mahali Ikombe, mhusika, mwanamke mfinyanzi, jina halijulikani. Naye mpe namba yake. Usiandike tu “Wakisi”. Kabila zima halikukaa chini kufinyanga chungu hicho. Ununuzi wa Matema ni E8, kuhama kwa umiliki: nani katoa, nani kapokea. Harusini ni E7 ya kawaida, chungu kikiwa kifaa kilichotumika. Kuazimwa ni E10, kuhama kwa utunzaji, na jibu lako liko hapo hapo: familia ndiyo wenyewe mpaka leo, shule ni mtunzaji. Ukichanganya E8 na E10, mwalimu mkuu ajaye atakigawa chungu cha watu.

Ukitaka kuona jedwali la mstari mmoja linavyoshindwa, nenda Kalenga, Iringa, linakohifadhiwa fuvu la Mkwawa. Mkwawa, mtemi wa Wahehe, ni mhusika wa vita vya Lugalo vya 1891 dhidi ya Wajerumani. Alijiua mwaka 1898, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliagiza fuvu likabidhiwe kwa Waingereza. Lilirudi mwaka 1954, mkabidhi akiwa Edward Twining, Gavana wa Tanganyika. Mtu ana kumbukumbu yake na fuvu lina yake, tena fuvu halikai E22 kwa kuwa hakuna aliyelitengeneza. Mabaki ya viumbe yana E20. Na kuna jambo napenda wanafunzi wako walione: Twining alilichagua kati ya mafuvu mengi huko Bremen kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa wa Mkwawa. Kusema “hili ndilo” nako ni shughuli, E13, yenye msemaji wake, mwaka wake na sababu yake. Anayebisha anaongezewa mstari wake; wa kwanza haufutwi.

Fanya vivyo hivyo kwa chungu. Bibi akisema kilinunuliwa na marehemu mumewe, na mwanawe akasema ni shangazi, andika yote mawili, kila neno na aliyelisema. Usiwe hakimu wa familia ya watu.

Mwaka wa harusi usiubuni. Wakikwambia “kabla ya zile mvua za El Niño”, weka kipindi, mwisho wake 1997, na maneno yao uyaache kama walivyoyatamka. Halafu wasainishe karatasi ya kuazimisha, nakala moja wabaki nayo. Wewe umeniandikia “wametuazima”, hukutaja karatasi yoyote.