Je, mama akienda kanisani Medicare itamkatia huduma ya nyumbani?

Swali: Dada, shikamoo. Tuko Columbus, Ohio. Mama yangu ana miaka 74, alianguka akavunjika nyonga. Tangu atoke hospitali, muuguzi huja nyumbani kumsafisha kidonda, na mtu wa fiziotherapia humzoesha kutembea. Sasa shirika linalowatuma linasema watasimama, kwa kuwa mama huenda kanisani kila Jumapili na tena haongezi nafuu. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kuuguza. La kanisa si kweli. Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, inataka mgonjwa awe ni mtu asiyetoka nyumbani kirahisi, siyo mtu wa kulala kitandani. Yaani hatoki bila gongo, kiti cha magurudumu au mtu wa kumshika, au daktari amemkataza kutoka. Na hata hivyo kwa kawaida hatoki, maana kutoka kunamchosha sana. Ibada imetajwa ndani ya sheria yenyewe: haimwondolei mtu haki, hata akienda kila wiki.

Kinachowaponza wazee wetu ni kinachoandikwa kwenye faili. Muuguzi anauliza hali, na mama kwa adabu zetu anajibu, "Nzuri, namshukuru Mungu, jana nilikwenda kanisani." Linaandikwa hilohilo. Nimeliona mara nyingi, na linaniuma. Siku ya muuguzi keti naye, ueleze jinsi mama anavyoshushwa zile ngazi za mlangoni ameshikwa huku na huku, anavyosimama katikati kuvuta pumzi, na akirudi analala mpaka jioni.

Kuhusu nafuu, makubaliano ya mwaka 2013 ya kesi ya Jimmo, mgonjwa aliyeishtaki serikali juu ya Medicare, yaliweka wazi kwamba huduma haikatwi kwa sababu tu mgonjwa haendi mbele. Kama inahitaji ujuzi wa muuguzi au fiziotherapia ili asirudi nyuma, Medicare inalipa.

Hakikisha pia makaratasi yako sawa: daktari awe amemwona ana kwa ana ndani ya siku 90 kabla ya huduma kuanza au 30 baada yake, na mpango wa huduma upitiwe na kusainiwa upya kila siku 60. Kwa ziara hizo hamlipi kitu. Mtu wa kumwogesha analipiwa wakati muuguzi au fiziotherapia bado wanakuja. Wakiondoka, naye anaondoka. Kumpikia na kushinda naye kutwa Medicare hailipi, kwa hilo waulize Medicaid ya Ohio, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo.

Wakishikilia kusimama, wanatakiwa wawape notisi ya maandishi angalau siku mbili kabla. Usiiweke kabatini. Ina namba ya simu ya rufaa ya haraka. Piga kabla ya saa sita mchana, siku moja kabla ya huduma kukoma, na siku hiyohiyo mwombe daktari wa mama aandike kwamba kukatiza huduma sasa kutamhatarishia afya yake.