Muulize Fundi: Kipupwe kimeingia, gari zinagoma

Wasomaji salaam. Naandika nikiwa Arusha na koti mwilini na kofia ya sufu kichwani, ndani ya nyumba, Meru hatujauona tangu Jumatatu, asubuhi manyunyu, jua linachungulia saa saba halafu linarudi lilikotoka. Barua za mwezi huu karibu zote ni za baridi kwa hiyo nimejibu hizo tu, nyie wa gia boksi msinune, zamu yenu inakuja.

Fundi habari za kazi. Nina Premio, nakaa Njiro. Tangu mwezi wa sita mshale wa temperecha haupandi, unakaa chini hata nikienda mpaka Usa River, hita inatoa upepo wa baridi watoto wanalalamika wakienda shule, af mafuta yanakwisha kama nagawa. Fundi wangu anasema nimshukuru Mungu gari haichemshi. Nishukuru? (Mama wa watatu, Njiro)

Dada usishukuru kwanza. Sijaiona gari yako lakini nakuwekea chai na chapati mbili kwamba haina themostati.

Kale kadude ni kavali kadogo tu, kanakaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kanafunga ili maji yasiende kwenye rejeta yakapoe bure, ikishapata moto, kwa Toyota nyingi ni kwenye nyuzi 82 hivi, kanafungua. Sasa kakizeeka kanakwama, na kakikwama kakiwa kamefungwa gari inachemsha, we uko Makuyuni mwezi wa pili jua la utosi, moshi unatoka kwenye boneti, anakuja fundi wa barabarani anakang'oa anatupa porini, gari inapoa, unampa hela yake na dua juu. Mi mwenyewe nimeving'oa sana, nisiseme uongo, nilikuwa na kopo zima la Blue Band limejaa themostati za watu.

Tatizo ni kwamba mafundi tumelelewa kuogopa gari kuchemsha, hakuna aliyetufundisha kuogopa gari kubaki baridi. Ikibaki baridi kompyuta inadhani ndo kwanza umewasha, inaendelea kumwaga petroli nyingi, hayo ndo mafuta yako yanakoishia, na petroli isiyoungua inateremka inachanganyika na oil, oil inakuwa nyepesi, injini inalika taratibu bila kelele yoyote. Hita nayo haina moto wake yenyewe, inachukua joto la yale maji ya injini, kwa hiyo maji yakiwa vuguvugu watoto wataendelea kutetemeka. Kesho asubuhi fungua kifuniko cha oil ukichungulie kwa ndani, ukikuta utando mweupe mzito kama mtindi ujue unyevu umeganda humo maana injini haipati moto wa kuukausha. Ila ukikuta huo mtindi na maji ya rejeta nayo yanapungua kila siku, hapo ni habari nyingine, inaweza kuwa gasketi ya silinda hedi, usiendeshe, mwite fundi mwingine.

Nunua themostati mpya, mwambie muuzaji aina ya injini sio aina ya gari tu, na kabla haijafungwa ijaribu jikoni kwako. Chukua sufuria ya maji, ifunge themostati uzi ining'inie katikati isiguse chini, bandika jikoni kisha kaa uangalie. Maji yakikaribia kuchemka utaona kile kisahani kinasukumwa polepole mpaka kinaachia uwazi wa kupitisha kucha, ukiipua ikapoa kinarudi chenyewe. Ukikuta hakijatikisika rudisha dukani. Kuna mjuaji mmoja aliwahi kuniambia jaribio hilo halifai Arusha kwa sababu maji huku hayafiki 100, ni kweli, tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye 95 hivi, lakini 82 si yameshapita? Sufuria tu isiwe ya kupikia.

Na mkishafungua msirudishie maji ya bomba. Weka kulanti, nusu kwa nusu na maji safi yale ya dukani ya kuongezea betri (maji, sio asidi tafadhali). Watu wanadhani kulanti ni ya nchi za barafu tu, kumbe inazuia kutu na ukoko humo ndani, na inachelewesha maji kuchemka siku ukipanda milima. Kifuniko cha rejeta usifungue injini ikiwa ya moto, nina alama mkononi kwa ujinga huo.

Shikamoo fundi. Naendesha Noah ya abiria, Boma Ng'ombe kwenda Moshi, natoka saa kumi na moja alfajiri. Wiki ya pili sasa nikipiga ufunguo inasema tik tik tik, mpaka niombe busti kwa mwenzangu. Mchana inawaka vizuri tu. Bosi anasema betri ni ya mwaka jana tu, nimeiharibu mimi kwa mziki na niilipe. (Dereva wa Noah, Boma)

Marahaba kijana. Usilipe kabla hujapima, kifaa cha kupimia volti kipo kwa fundi umeme yeyote. Pima alfajiri kabla hujagusa chochote, hata mlango usifungue sana, ukikuta 12.6 betri imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 hapo imekwisha. Kisha washa kwa hiyo busti upime tena injini ikiwa inaunguruma, inatakiwa icheze 13.8 mpaka 14.5. Ikiwa chini ya 13 betri yako haina kosa, ni altaneta haichaji au mkanda umelegea, hata ukinunua betri tatu zitakufa zote, na hapo mwonyeshe bosi namba, sio maneno.

Ila kabla ya yote hayo angalia temino, pale waya zinaposhika betri. Mara nyingi nakuta zimeota ule unga mweupe wa kijani, mtu anaambiwa betri mbovu kumbe umeme haupiti. Zima gari, fungua ya hasi kwanza halafu chanya, chukua maji ya moto na kijiko cha magadi, haya haya ya kupikia maharage, mwagia kidogo kidogo. Itafoka povu kama mbege iliyochacha, ni magadi yanaua asidi. Sugua, suuza, kausha, paka grisi, rudisha chanya kwanza hasi mwisho. Matundu ya betri yafunikwe hayo magadi yasiingie ndani.

Swali ambalo hukuuliza ni oil. Baridi inaipunguzia betri nguvu na saa hiyohiyo oil inakuwa nzito, kwa hiyo stata inadai zaidi wakati betri ina kidogo. Sasa wenye Noah wengi wanaweka 20W-50 kwa sababu eti nzito ndo inalinda injini, wakati kitabu cha gari kinaweza kuwa kimesema 5W-30. Ile W ni ya winter, majira ya baridi ya wenzetu, na namba inayoitangulia inakuambia oil inavyotiririka kukiwa na baridi, ikiwa ndogo inatiririka upesi. Saa kumi na moja alfajiri hiyo 20 inatembea kama asali. Fuata kitabu cha gari. Na mziki punguza injini ikiwa imezimwa, hapo bosi ana haki kidogo.

Mambo fundi, nimepata tairi nne mtumba bei poa kabisa, raba laini, kashata nzito, muuzaji anasema ni za snow kutoka Japani, nikaona si ndo zenyewe kwa baridi hii ya Ngaramtoni? (Kijana wa IST)

Poa, ila umeuziwa kanzu ya msikitini uende nayo shamba. Hizo raba zimetengenezwa ziwe laini kwenye baridi kali, hesabu ya wenzetu ni kwamba zinaanza kufaa joto likishuka chini ya nyuzi 7. Ngaramtoni asubuhi ya Julai unatetemeka sawa, lakini bado ni kumi na kitu, mchana ndo usiseme. Kwenye lami ya kawaida zinacheza, zinalika haraka kama kifutio, na mvua ikinyesha zinachelewa kusimama kuliko tairi ya kawaida nzuri, na hapo ndo ulidhani zitakusaidia.

Utazijua kwa maandishi ya STUDLESS ubavuni au kialama cha mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake. Tafuta na zile namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, ukiona 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016. Kama muuzaji hajala hela yako mrudishie. Na siku ukienda kununua gari yenyewe ikaja na tairi hizo, ingia chini na tochi, inawezekana ilikuwa sehemu za theluji ambako barabara zinamwagiwa chumvi, na chumvi inatafuna chesisi wakati juu rangi inang'aa.

Shikamoo. Nimeajiriwa juzi kuendesha wageni, Land Cruiser, wiki ijayo naenda Ngorongoro mara ya kwanza nikiwa dereva. Wenzangu wananitisha ukungu wa kule juu. Nipige fulu? Niweke hazadi? (Dereva mpya, Kijenge)

Marahaba, na hongera. Fulu hapana. Ukungu ni vitone vya maji, ukivimulika kwa nguvu vinakurudishia mwanga machoni, unajikuta unatazama shuka jeupe. Weka dimu, na taa za ukungu za chini kama unazo na zinawaka. Hazadi ukiwa unatembea pia hapana, najua kila mtu anaweka, lakini anayekufuata hajui kama umesimama au unakwenda, na ukitaka kukata kona indiketa yako haionekani tena. Hazadi weka ukisimama, na ukisimama toka kabisa barabarani.

Ukitoka geti la Loduare unapanda mpaka ukingoni, kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, Karatu unaweza kuacha jua na dakika ishirini baadaye huoni boneti yako. Njia yenyewe ni udongo mwekundu, ikilowa ni sabuni, kona nyingi na upande mmoja ni korongo. Shusha gia, breki gusa taratibu kabla ya kona sio ndani ya kona, na usijibandike kwenye taa za nyuma za mwenzako eti zinakuongoza, akitoka njiani mnatoka wote. Piga hesabu hii, ukiwa 60 gari inakwenda karibu mita 17 kila sekunde, na kule kuna asubuhi unaona mita 20 tu. Kwa hiyo 20 ndo mwendo, wageni wakilalamika geti litafunguliwa bila sisi waambie simba hana saa.

Kitakachokusumbua zaidi ya ukungu wa nje ni wa ndani. Watu saba wanapumua, makoti yamelowa, kioo kinaziba. Washa AC, ndiyo, kwenye baridi hiyohiyo, kwa sababu AC inakausha hewa, changanya na joto la hita, elekeza kiooni, na kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani kizime ili hewa iingie toka nje. Kama gari haina AC achia vioo kidogo mbele na nyuma, na usiku uliotangulia futa kioo kwa ndani na tone la sabuni ya vyombo kwenye kitambaa kikavu. Kufuta na kiganja huku unaendesha unapaka mafuta tu.

Upepo wa tairi upime alfajiri zikiwa za baridi, joto likishuka nyuzi 10 zinapungua psi moja na nusu mpaka mbili.

Mwanangu fundi, mimi ni bibi wa Machame. Kijana wangu yuko Kanada, Edmonton, amenunua gari. Ananiambia usiku anaichomeka kwenye umeme kama pasi, na si gari ya umeme, ni ya petroli. Nimeona picha kuna waya umening'inia mbele. Naona ananificha, amenunua mkweche. (Bibi)

Shikamoo bibi. Hajakudanganya. Kule baridi inashuka mpaka 30 chini ya sifuri, wakati mwingine 40, oil inaganda kama samli, na gari nyingi zinafungwa kihita kwenye injini, jioni unachomeka, asubuhi inawaka. Hata maegesho ya huko mengi yana soketi.

Zile tairi za snow nilizomkatalia kijana wa Ngaramtoni yeye azifunge zote nne, sio mbili, jimbo la Quebec, huko huko Kanada, ni sheria kabisa kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi. Kioo kikiganda akwangue, asimwagie maji ya moto kitapasuka. Tangi lisishuke chini ya nusu. Na hili bibi umwambie wewe kwa sauti yako maana sisi wengine hatusikilizi: akikwama kwenye theluji asiwashe injini kabla hajafukua bomba la moshi, likiziba moshi unarudi ndani ya gari, na sumu yake haina harufu ya kumwamsha. Gereji ikiwa imefungwa mlango asiungurumishe gari humo hata dakika mbili.

Huo waya unaoning'inia ndo plagi yenyewe. Muulize tu kama huwa anakumbuka kuichomoa kabla ya kuondoka.