Fuata Tarumbeta Linakokwenda: Ushauri kwa Anayetaka Kuelewa Utamaduni wa Juu, wa Jadi na Pendwa

Vijana wa vyuo hapa Mbeya wakipewa kazi ya kuandika kuhusu utamaduni, baadhi yao hunitafuta kwa kuwa wanajua nafundisha kwaya na mwishoni mwa wiki nashereheshea harusi. Wanakuja na jedwali mkononi. Safu ya kwanza ni utamaduni wa juu: makumbusho, okestra, tamthilia za Shakespeare. Ya pili ni utamaduni wa jadi: ngoma, vitendawili, vikapu vya milulu vya Iringa. Ya tatu ni utamaduni pendwa: Bongo Fleva, singeli, mpira, tamthilia za kwenye runinga. Kutoka kwangu wanataka mifano ya kujazia tu.

Huwa nawaambia waliweke jedwali pembeni kwanza. Chagua kitu kimoja unachokifahamu, ukifuate kilikotoka na kinakokwenda. Kila kinapotua, uliza nani anakilipia, nani anakifundisha, nani ana ruhusa ya kukibadilisha, na nani amekaa kwenye kiti cha kuamua kwamba hiki kizuri na kile ni cha ovyo. Majibu hayo ndiyo yatakayokuonyesha uko safu gani. Kitu kinaweza kubaki kilekile, lakini majibu yakageuka kabisa.

Mimi hupenda kuwapa tarumbeta.

Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Kwao Ujerumani kanisa lao lilikuwa na desturi ya siku nyingi ya vikundi vya matarumbeta na tromboni: vilipiga alfajiri ya Pasaka, vilitangaza msiba, viliongoza nyimbo za ibada. Huo ulikuwa muziki wa nota, wenye mwalimu na mazoezi, na ukikosea umekosea. Mpaka leo bendi za matarumbeta zina heshima yake katika makanisa ya Moravian ya Rungwe na Mbeya. Kijana anaanza kwa kujifunza kushikilia pumzi na kusoma mistari mitano, na haguswi na sifa mpaka mwalimu aridhike. Mwanafunzi wangu akifika hapa anaandika "utamaduni wa juu" bila kusita.

Sasa twende Mwanjelwa, hapa mjini Mbeya, Jumamosi mchana. Kirikuu inapita taratibu mbele ya gari la maharusi, nyuma yake wamejazana wapigaji. Wa ngoma kubwa ameegemea kichwa cha gari. Wa tromboni amekaa ukingoni, kwa sababu mkono wa chombo chake unahitaji nafasi ya kutoka na kurudi. Wanaanza na wimbo wa tenzi ambao kila mtu barabarani anaujua. Wakifika penye foleni wanaugeuza, bila kusimama, ukawa kiitikio cha Bongo Fleva iliyoko redioni wiki hiyo. Bodaboda wanapiga honi kwa mapigo yaleyale. Shangazi wa bwana harusi anateremka na kucheza katikati ya lami, na bendi haiondoki mpaka amalize. Anayelipa ni kamati ya harusi. Mwenye ruhusa ya kubadilisha wimbo ni karibu kila mtu aliyepo, maana shangazi asipocheza wimbo umeshindwa. Baadhi ya vijana hao wamejifunzia kanisani. Midomo ni ileile, vyombo ni vilevile, ila kwenye jedwali tumeshahamia safu ya tatu.

Kisha shuka Kyela wakati wa sikukuu, uangalie ngoma ya mapenenga. Wanaume wamejipanga mistari kama gwaride, wamevaa nguo safi zinazofanana, wanapinda magoti pamoja na kugeuka pamoja. Mdomoni wana vibuyu virefu vilivyotengenezwa kama tarumbeta. Mgeni hudhani wanapuliza. Hapana, wanaimba ndani yake. Kwenye ngoma za aina hii pembezoni mwa Ziwa Nyasa, kibuyu hutobolewa tundu na kuzibwa kwa utando wa buibui, na sauti ya mwimbaji ikiutikisa inatoka yenye mkwaruzo kama wa bati la bendi. Ukiwauliza wazee watakuambia ni ngoma ya mababu, na wanasema kweli. Lakini mababu hao nao walisikia bendi za kijeshi. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi na gwaride za wakoloni, ilianza pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1890. Vita ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, ikaitawanya pamoja na askari na wapagazi mpaka bara na huku ziwani. Waliorudi hawakuwa na fedha ya kununua vyombo vya shaba. Walikuwa na vibuyu, buibui, na masikio makali.

Hapa ndipo namsihi mwanafunzi akae kidogo. Asikimbilie kuandika kwamba mapenenga "si ya asili" kwa sababu imeiga. Anayesema hivyo anadai ngoma ya jadi iwe imezaliwa bila wazazi, jambo ambalo halijawahi kudaiwa kwa muziki wa Ulaya. Ujadi unatokana na namna ya kurithishana: mtoto anajifunza kwa kusimama nyuma ya mjomba wake, hakuna cheti, na jamii yenyewe ndiyo inayojua nani amekosea mguu. Kwa kipimo hicho mapenenga ni ya jadi kabisa, na kwa ubunifu naiweka juu ya mambo mengi niliyowahi kuyaona kwenye kumbi zenye viti vya kukunjwa.

Ukishaizoea njia hii utaona vitu vinapanda na kushuka kila mahali. Taarabu ilianza Zanzibar kwenye jumba la Sultan Barghash, ambaye katika utawala wake wa 1870 hadi 1888 alimtuma mtu Misri akajifunze muziki. Siti binti Saad, mwanamke wa kawaida kabisa, akaitoa ikulu kwa kuiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Shakespeare naye, ambaye wanafunzi humwogopa, London watu walimtazama wakiwa wamesimama chini ya jua kwa kiingilio cha peni moja. Kwetu aliingia kwa mlango wa heshima, kupitia tafsiri za Mwalimu Nyerere. Na kikapu cha milulu ambacho mama wa Iringa anabebea nafaka ukikiona kimetundikwa ukutani hotelini, bei yake si ya sokoni tena.

Serikali nayo ni mpandishaji. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu alisikitika kwamba wengi walijua kucheza rumba na chachacha huku hata majina ya ngoma kama gombe sugu na kiduo hawayajui. Akaunda wizara ya utamaduni na vijana. Mwaka 1963 kikaja Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nashukuru kwa yote hayo. Ila ngoma ilipopandishwa jukwaani ilibidi ikatwe iwe ya dakika chache, wachezaji wageuzie uso watazamaji badala ya kutazamana, na aliyekuwa mshiriki akawa mtazamaji. Mwanafunzi anayeandika kuhusu utamaduni wa juu asiishie kwenye okestra za Ulaya. Aandike na hili, kwa kuwa linamhusu zaidi.

Kwa wazazi nina neno fupi. Mtoto akisikiliza Bongo Fleva kutwa nzima, usianze na kusema muziki wa siku hizi hauna maana. Kaa naye akusikilizishe wimbo anaoupenda, umuulize mapigo yale yametoka wapi. Mbeya hii ilimpeleka Sugu bungeni mwaka 2010 akitokea kwenye hip hop, na Rayvanny, mwimbaji wa Bongo Fleva, ni wa hapahapa. Mtoto anayejua kufuatilia asili ya mapigo siku moja atakuuliza kuhusu ngoma za kijijini kwenu, na itabidi uwe na la kumjibu.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Majina haya matatu hayabaki kwenye madaftari, yanaingia kwenye bajeti. Nimekaa na kamati nyingi za harusi na sherehe za taasisi, na mpangilio wake unafanana: muziki na spika vinatengewa fungu kubwa, bendi inapewa malipo ya awali, halafu kikundi cha ngoma kinaandikiwa "nauli na chakula". Wanaitwa mapema, wanasimamishwa juani wakimsubiri mgeni rasmi, anashuka garini wanacheza kidogo, anapita, basi. Wazee waliotoka mbali wanarudi na soda. Hakuna aliyewachukia. Neno "jadi" lilishawashusha kwenye orodha kabla mtu hajafikiri, kana kwamba wanachokifanya kimeota chenyewe na hakihitaji mazoezi wala fedha.

Ukiwa kwenye kamati, mpigie kiongozi wa kikundi simu kabla ratiba haijachapwa. Muulize ngoma yao kamili inachukua muda gani, inahitaji ardhi au sakafu, na kama vipaza sauti vinawasaidia au vinawaharibia, kwa sababu vibuyu na spika kubwa havipatani. Wapangie muda wao wakati watu wameshaketi na bado hawajaanza kula. Wape malipo ya awali kwa kiwango kilekile unachompa mwenye muziki, na uandike jina la kikundi kwenye ratiba kama ulivyoandika jina la bendi. Mshereheshaji akikuambia muda hautoshi, punguza hotuba.