Jibu: Podikasti za kuanzia, Kiingereza na Kifaransa

Waalaykum salaam. Umesema unatembeza wageni Mji Mkongwe, Kiingereza unajikongoja, Kifaransa kinakupita kama upepo, na kila kipindi unachofungua unakiacha katikati; ukauliza uanze na podikasti zipi, yaani vipindi vya kusikiliza mtandaoni.

Kwanza angalia kama kipindi kina maandishi yake. Kama hakina, kiweke kando kwa sasa. Mimi Kifaransa nilianza na Journal en français facile ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa: habari za dakika 10 kila siku, na maandishi yapo kwenye tovuti yao. Nasikiliza bila kusoma, kisha nasoma, kisha nasikiliza tena nikiwa ndani ya daladala ya Bububu. Siku za mwanzo niliambulia majina ya nchi tu, wallahi! Ukishazoea, hamia Les Pieds sur terre ya France Culture, redio nyingine ya Ufaransa. Humo watu wa kawaida wanasimulia mambo yao wenyewe, na ndivyo wageni wako wanavyozungumza.

Kiingereza, anza na 6 Minute English ya BBC. Halafu kipindi cha kwanza cha Serial, podikasti ya Kimarekani, msimu wa 2014, kesi ya mauaji ya Baltimore. Hicho nilikisikiliza mpaka chai ikapoa.

Pakua kwenye waifai, bando lisikukatikie njiani.