Kwa nini jiji litake kuumeza mtaa wenu

Umeuliza kwa nini jiji jirani, hapo jimbo la Washington, Marekani, linataka kuwaingiza mipakani mwake ilhali kaunti inawahudumia. Anza na sheria ya 1990 ya kusimamia ukuaji: kaunti huchora maeneo ya ukuaji wa miji, na jiji hukua ndani ya maeneo hayo tu. Huduma za kimjini zinatarajiwa kutoka jijini.

Kisha kuna vibali. Kaunti ikiruhusu nyumba kwa viwango vyake, jiji huja kurithi barabara nyembamba zisizo na njia za miguu. Ni nafuu kudhibiti mapema.

Na pesa, bila shaka. Maduka huleta kodi ya mauzo. Mtaa wenye nyumba za kuishi tu, bila maduka, mara nyingi ni mzigo (hilo halisemwi sana mikutanoni). Jiji la Kirkland lilipoingiza mitaa ya Finn Hill, Juanita na Kingsgate mwaka 2011, watu kama 31,000, lilitegemea mgao wa kodi ya mauzo ya jimbo kuziba pengo la bajeti.

Ukiletewa fomu ya saini ya kuomba mtaa uingizwe jijini, angalia kipengele cha deni: je, mtalipia madeni ya zamani ya jiji? Tena asilimia 60 ya saini ambayo kwa kawaida hutakiwa ili ombi lishughulikiwe ni ya thamani ya mali, si ya vichwa. Mwenye ghala moja kubwa anaweza kuwazidi majirani ishirini.