Bibi yako na dubu weupe

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Umeniuliza kama ni kweli kwamba wasiopita skuli hawafikiri kimantiki, maana mhadhiri wenu kawasomesha habari za mwanasaikolojia Alexander Luria nawe ukamkumbuka bibi yako.

Mrusi huyo alikwenda Uzbekistan mwaka 1931 na 1932, akawaambia wakulima: kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe, na Novaya Zemlya iko huko, dubu wake wana rangi gani? Wengi wakasema hawajafika huko, aulizwe aliyekwisha kuwaona. Waliosomeshwa hata kidogo walijibu bila taabu.

Mimi naona wale wakulima walijibu kama shahidi mwaminifu. Si ndivyo tunavyobishana hapa Wete, Pemba, kila Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukikaribia? Mwenye hesabu za falaki anasema mwezi utaandama leo, mwengine anakwambia bila ya mtu kuuona kwa macho yake hakuna Idi. Nyumba mbili zimepakana, moja inapika biriani, ya pili imefunga. Hapana mjinga hapo. Wanachogombania ni neno la nani litasadikiwa.

Sasa bibi yako. Tulikuwa bado kwenye Ramadhani alipoambiwa harusi ya dada yako ni tarehe kumi na sita ya mwezi wa Mfunguo Tatu. Papo hapo akasema, "Asubuhi msinitegemee. Bamvu hilo, saa nne maji yamekupwa, mie niko mwambani natafuta pweza." Tukamcheka, lakini hesabu yake ilikuwa sawasawa. Bamvu, yaani maji makubwa yanayojaa sana na kukupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwetu maji yake hukupwa kwenye saa nne. Aliichukua kanuni akaitia kwenye siku ambayo hakuna aliyeiona. Luria alitaka hicho hicho, ila kanuni hii bibi kaipima kwa miguu yake.

Sikatai kwamba skuli inaongeza kitu: inakuzowesha kumkubalia mgeni maneno yake kwa muda, uone yanafikia wapi. Wanasaikolojia Scribner na Cole waliwapima Wavai, kabila la Liberia, wenye maandishi yao wanayofunzana nje ya skuli. Kujua kusoma peke yake hakukuwapa uzowefu huo. Walioupata ni waliopita skuli.

Kwa hiyo kwenye insha usimwandike bibi "hajui kusoma". Kahitimu Msahafu tangu yu msichana. Nitumie niipitie kabla hujaikabidhi.

Baba yako