Acha vita vya bei: kwa vijana wanaoingia kazi ya mashua Lamu

Kijana unayetaka kubeba wageni kwa mashua hapa Amu, kosa lako la kwanza nalijua, maana hata mimi nililifanya. Utamsikia mwenzako akitaja elfu nne, nawe utasema elfu tatu na nusu. Kesho yake atasema elfu tatu. Wiki ikiisha nyote mnapeleka watu Manda kwa pesa ya mafuta tu, na samaki wa kuchoma mmekopa.

Mimi niliacha mchezo huo kwa kulazimika. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, mji wa kaunti yetu hii ya Lamu, kaunti iliwekewa kafyu ya usiku, na safari za machweo zilizokuwa zikinilisha zikafa. Wenzangu wengi walikaa gatini wakingoja. Nikahamia asubuhi, nikapeleka watu magofu ya Takwa, mji wa kale kisiwani Manda. Sasa Takwa si pa kwenda utakapo: mkondo wa mikokoni hupitika maji yakijaa, na ukichelewa kutoka utakaa topeni hadi yarudi. (Nimeshakaa. Mzee wa Kifaransa niliyembeba hakunisemesha njia nzima.) Tangu siku hiyo nina daftari: upande huu saa za maji, upande huu wageni. Mteja akiuliza kama kesho twaweza kwenda, namtajia saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Jibu hilo limeniletea kazi kuliko punguzo lolote.

Ikaja 2020 na korona. Ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimama tangu Machi hadi Agosti, na waliotangulia kurudi ni Wakenya wa Nairobi. Hao wanalipa kwa M-Pesa, wanaulizia nafasi kwa WhatsApp usiku wa manane, na wanakuja na watoto. Mama mmoja aliitazama mashua yangu akauliza, "Za watoto ziko wapi?" Nilikuwa na laifu jaketi kumi, zote za watu wazima. Akamvalisha mwanawe moja, ikamfika magotini. Akaivua, akanirudishia, akaenda kwa jirani. Jirani naye hakuwa nazo, lakini alimwambia angoje azitafute, akazipata. Juma lile nikaagiza nne ndogo kutoka Mombasa. Siku hizi mtu akiniuliza bei, picha ya jaketi hizo inatangulia.

Wala msidhani kubadilika ni kutupa kila kitu. Litazameni Flipflopi, jahazi lililoshushwa majini hapa Lamu mwaka 2018, likafika Unguja mwaka uliofuata. Limeundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa vipande vya kandambili, lakini mafundi waliichonga na kuiunga plastiki ile kwa ujuzi uleule wa mbao. Nami mashine ninayo, ila tanga silivui. Mgeni hakuja Lamu kusikiliza mashine.

Jambo jipya lijaribuni msimu wa mvua, mwezi wa nne na wa tano, mashua zikiwa pwani zinatiwa kalafati, yaani kuzibwa nyufa. Ukikosea wakati huo, hasara ni ndogo. Mwaka huu natayarisha safari ya kutazama ndege mikokoni, na kiongozi wake ni binti wa dada yangu, aliyemaliza shule juzi tu. Wazee wa gatini wananicheka. Safari mbili za Julai zimeshalipiwa.